Chombo cha Asali Walichokiita Ngoma

Baba yangu, Muli, alifariki Machi 1985, wiki mbili baada ya mvua kurudi kijijini kwetu Zombe. Alivuka mwaka wa njaa akiwa hai, akazikwa katika udongo wenye maji. Alikuwa mfuga nyuki. Mizinga na vyombo vya asali alivichonga mwenyewe, na watu walikuwa wanatoka ng'ambo ya mto Thua kuja kuvichukua.

Mwaka wa 1987 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nangojea nafasi ya chuo cha ualimu. Niliambiwa nikileta barua nzuri ya mahali nilipofanya kazi na watoto, nafasi itapatikana haraka. Ndipo nikaenda kujifunza kazi kwa miezi mitatu katika nyumba ndogo ya makumbusho mjini Kitui, iliyokuwa inaendeshwa na kamati ya watu wa mji. Ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi wenye mabenchi. Kila Jumamosi shule zilileta watoto wafundishwe historia ya Ukambani.

Mkuu wa pale alikuwa Mwalimu Kilonzo, aliyestaafu baada ya kufundisha historia miaka thelathini. Alizaliwa na kulelewa kwenye misheni, ambako baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Nyumbani mwao hamkuingia pombe ya asali wala chombo chake, na mwenyewe alisema hivyo kwa fahari. Alivaa tai hata siku ya jua kali.

Siku yangu ya kwanza alinipitisha vyumbani, akanionyesha kila kitu na kadi yake. Tulipofika pembeni mwa ukumbi nikaona chombo cha asali. Kilikuwa cha mti, mviringo, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, kimeshonewa ngozi ya ng'ombe chini na kina kifuniko cha ngozi juu. Kifuniko hicho huvuliwa na kuvikwa kama kofia, lakini hapa mtu alikuwa amekikaza kwa waya mpaka kikawambika kama ngozi ya ngoma. Kando yake kulikuwa na fimbo mbili. Kadi ilisema: Ngoma ya kuombea mvua.

Nilidhani kadi imechanganywa. Nikainama kuangalia ubavuni, karibu na kitako, mahali ambapo mwenye chombo huweka alama yake. Kwetu kila ukoo una alama ya kuchoma kwenye mizinga, ili mtu asirine asali ya mwenzake, na kila mji, yaani boma la familia, huongeza mkato wake. Niliona upinde. Chini ya upinde kulikuwa na mikato miwili, na wa pili umepinda kidogo kwa sababu chuma kiliteleza. Niliushika kwa kidole. Siku ile chuma kilipoteleza mimi ndiye nilikuwa nimeshika chombo, na baba alinicheka akasema nimempa alama ambayo hakuna mwizi atakayeiweza.

Chombo kile alikichongea harusi ya kaka yangu Kisilu, kipeleke asali kwa wakwe. Mwaka wa 1984 kilitoweka nyumbani. Baba alimwambia mama amekiazima mtu. Siku hiyohiyo tulikula ugali wa mahindi ya manjano, na hatukuuliza.

Sikumwambia Mwalimu kitu siku hiyo. Nilimwuliza Mzee Salim, mwangalizi wa nyumba, ambaye alizaliwa Kitui mjini na alijua kila kilichoingia mle. Aliniambia vitu vingi vililetwa na lori wakati wa njaa. Kuna mtu alikuwa anazunguka vijijini na magunia ya mahindi, anabadilishana. Hicho nilichokuwa nauliza kilitolewa kwa gorogoro mbili, makopo mawili tu ya mahindi.

"Na hiyo ngoma yao, binti yangu, ukiipiga inalia kama debe la unga," akasema. "Mimi si Mkamba, lakini hata mimi najua mvua haiwezi kuitikia ile."

Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya jengo nikakaa mpaka uso ukakauka.

Wiki hiyo nilimwendea Mwalimu ofisini. Nilimweleza kwa adabu kwamba kile si ngoma, ni chombo cha asali, na kwamba alama ile ni ya mji wetu. Aliniambia ile si alama ya mtu bali ni maandishi ya waganga, na kwamba kijitabu cha makumbusho kilishachapishwa kikiwa na picha yake kwenye ukurasa wa kwanza. Nilimwomba tufungue waya anuse ndani. Akasema hanusi vitu. Nikamwambia baba yangu alikuwa anaitwa Muli na amekufa, na kwamba naomba tu jina lake liandikwe. Hapo akavua miwani.

"Kalunde, kila mtu anayeingia hapa anaona kitu cha babu yake," akasema. "Wewe umekuja kujifunza. Barua unaitaka, ama huitaki?"

Niliitaka. Kwa hiyo Jumamosi tatu nilisimama kando huku watoto wakiitwa mmoja mmoja kupiga chombo cha baba kwa fimbo, na Mwalimu akiwaeleza jinsi bibi zao walivyodanganywa na mashetani. Watoto walifurahi sana. Jumamosi ya tatu ngozi ilipasuka pembeni. Mwalimu aliniagiza nitafute gundi.

Nilipaka ile gundi kwa mikono yangu mwenyewe, na hilo sijajisamehe.

Jumamosi ya nne lilikuja lori la watoto kutoka shule moja ya Mbooni. Walikuwa wamevaa sweta, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, na mwalimu wao, Bi Mutindi, alikuwa amelala njia nzima. Mwalimu Kilonzo alikuwa na mgeni wa kamati ofisini, akaniambia nianze kipindi mwenyewe, nifuate kijitabu.

Nilifuata kijitabu mpaka nilipofika kwenye ngoma. Msichana wa mbele, mwenye mapengo mawili, alikuwa ameshachukua fimbo. Nilimwomba anipe. Nikamwita Mzee Salim alete koleo. Hakuuliza ya nini. Alikata waya, nikakivua kifuniko.

Niliwaambia waje mmoja mmoja, wainamishe kichwa, wanuse. Miaka mitatu ilikuwa imepita, lakini mti ulikuwa umekunywa asali na moshi mpaka ndani. Yule msichana aliingiza kichwa chote.

"Ni asali!" akapiga kelele, sauti ikavuma ndani ya chombo. "Mwalimu, ni kama ya babu!"

Wakasukumana. Mvulana mmoja alisema babu yake anacho kama hicho, tena kikubwa kuliko hiki. Mwenzake akamwambia babu yake hana hata kuku. Nikawaonyesha ule upinde, nikawaeleza mikato, na kila mmoja akachora alama ya kwao kwenye daftari. Wasioijua waliambiwa wakaulize nyumbani. Bi Mutindi naye alichora. Niliwaambia aliyekichonga ni Muli wa Zombe, na alikitoa ili watoto wake wale. Hakuna aliyecheka.

Sikuwa nimemwona Mwalimu mlangoni. Alisimama na mgeni wake. Mgeni alikuja, akainama, akanusa, akasema, "Lakini Kilonzo, hiki si ni cha asali? Mama yangu alikuwa nacho." Mwalimu alitabasamu, akasema walikuwa katika uchunguzi wa jambo hilo.

Lori lilipoondoka aliniita. Hakupandisha sauti. Alisema nimemwaibisha mbele ya kamati na nimeharibu kifaa cha umma. Nilimwuliza kifaa cha umma kiliharibiwa na nani, aliyekata waya ama waliokipiga fimbo mwaka mzima. Nikamwambia yeye ni Mkamba, amefundisha historia miaka thelathini, na hajui alama ambayo mchunga mbuzi wa Zombe anaijua. Sijawahi kusema na mtu mzima hivyo, na kama baba angekuwa hai angenitwanga. Mwalimu alifungua droo, akatoa barua yangu iliyokuwa imeshaandikwa, akaipasua mara mbili, akaiweka mezani upande wangu.

Niliingia chuoni mwaka mmoja baada ya wenzangu.

Kabla ya kwenda, nilipita Kitui kuangalia. Fimbo zilikuwa zimeondolewa na kadi ilikuwa mpya. Ilisema: Chombo cha asali. Kimetambuliwa na Bw. Kilonzo, mkuu wa makumbusho. Aliyekitengeneza hajulikani.

Niliisoma mara tatu. Jina nilikuwa nimempa kwa mdomo wangu. Niliwaambia watoto arobaini, wakaliandika kwenye madaftari yao, linajulikana mpaka Mbooni. Nilichukua kalamu, nikakata neno la mwisho, nikaandika juu yake: Muli wa Zombe, alifariki 1985. Nilibonyeza mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Mwalimu alitoka ofisini akaniona nikiandika. Sikumwamkia.

Mzee Salim ndiye aliyeniambia kilichofuata. Kesho yake kadi ilitolewa, na nyingine haijawekwa mpaka leo. Chombo kipo palepale ukumbini bila maandishi yoyote. Watoto wakimwuliza ni cha nani, Mzee Salim huwajibu kwamba ni cha baba yake Kalunde. Mwalimu akisikia, humtuma akafagie nje.