Nakala Thelathini na Moja

Kiharusi kilipomshika yule karani mstaafu wa mahakama, kiliondoka na mkono wake wa kulia na ulimi wake kwa mkupuo mmoja. Mtu aliyekaa miaka thelathini akipiga chapa maneno ya wenzake, ya walioapa kweli na ya walioapa uongo, sasa hakuweza hata kumwomba mkewe maji. Kilichobaki ni laptopu kuukuu na kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Alidonoa herufi moja moja kama kuku, na mkewe, ambaye ni mshona nguo, aliacha cherehani akaja kusoma begani kwake.

"Chai haina sukari," aliandika siku moja.

"Mlalamikie daktari, baba watoto. Si mimi niliyeikataza."

Akadonoa tena: "Basi mwite aje ainywe yeye."

Walicheka, mzee kwa upande mmoja wa uso.

Haikupita wiki, laptopu ikaanza vituko. Kioo kiligeuka buluu, kikawa cheusi, halafu ikajiwasha yenyewe kana kwamba haina kosa. Baada ya dakika kumi, yale yale. Mkewe aliinyanyua mashine kwa vibao viwili ili ipate hewa. Wapi. Kila ilipojizima, mzee aliipiga meza kwa kiganja, akavuta pumzi, akaanza upya. Mkewe akisogea, mzee alikigeuza kioo kuelekea ukutani.

"Ni barua ya binti yetu, eh?" mkewe aliuliza. "Nionyeshe tu herufi kwa kidole, nikuandikie kwa kalamu."

Mzee alitikisa kichwa. Hakutaka.

Binti yao wa pekee alikuwa hajakanyaga nyumba ile kwa miaka mitatu. Hakufika kumzika bibi yake mzaa baba. Alisema amenyimwa ruhusa kazini, na baba yake akamjibu kwenye simu, waombolezaji wakisikia, "Aliyekosa kaburi la mama yangu asiitafute nyumba yangu." Tangu hapo mama alizungumza na mwanawe kwa kuibia, akijifanya anakwenda kununua vifungo.

Laptopu aliipeleka kwa fundi mmoja mwanamke, mtaa wa pili, ambaye watu walimwita Bisibisi. Bisibisi aliifungua tumbo, akatoa vumbi lililoganda kwenye feni kama pamba ya mto, akapaka upya ule uji unaopitisha joto. Ilikaa sawa siku moja. Kesho yake ikazima tena.

"Mama, niachie," fundi alisema. "Joto halikuwa peke yake. Humu mna vijiti viwili vya kumbukumbu. Nadhani kimoja kibovu, lakini nikitaka kujua ni kipi lazima nikitoe kimoja, niiache mashine ikifanya kazi kutwa nzima, kisha nigeuze."

"Kutwa nzima? Mwenyewe ndiyo mdomo wake hiyo."

"Najua, mama. Nipe siku tatu."

Siku hizo tatu zilikuwa ndefu. Mzee alishika kalamu kwa mkono wa kushoto, mistari ikaenda arijojo, akaitupa. Siku ya pili alikaa akiitazama meza tupu. Asubuhi ya siku ya tatu, mkewe akipiga pasi sketi ya mteja chumba cha pili, alisikia kiti kikisogea. Alipofika, kiharusi cha pili kilikuwa kimeshamaliza kazi yake.

Binti alikuja mazikoni. Alisimama nyuma ya watu wote, na hakuna aliyemwambia asogee mbele.

Siku ya nne baada ya maziko, Bisibisi alipiga hodi, laptopu kifuani.

"Pole sana, mama. Ilikuwa kijiti kimoja. Nimekiondoa, imewaka siku mbili bila kutetereka." Akamkabidhi mashine. "Kila ilipojizima, programu ya kuandikia ilikuwa imeshahifadhi nakala ya alichokuwa anaandika, kwenye folda iliyofichika. Zipo thelathini na moja. Nilisoma mstari wa kwanza tu, nikaacha."

Mama na binti walikaa kitandani, mashine mapajani mwa binti. Nakala ya kwanza ilisema: "Hukuja kumzika bibi yako na mimi sijasahau." Ikakatika. Ya tano ilianza hivyo hivyo, lakini kwa "mwanangu." Kwenye ya kumi na mbili, bibi hakutajwa kabisa, mzee aliuliza kama binti bado anakohoa msimu wa baridi. Hakuna iliyozidi mistari minne. Kila mara mashine ilimrudisha mwanzo, na kila mara alibadilisha maneno.

Ya thelathini na moja ilisema: "Mwanangu, uliniambia walikunyima ruhusa. Nakuamini. Nilipaswa kukuamini siku ile ile. Mama yako anajifanya ananunua vifungo, nami najifanya sijui. Njoo, nina"

Basi, hapo.

"Alijua," mama alisema taratibu. "Miaka yote hiyo."

Alinyoosha mkono afute zile za mwanzo, zenye ukali. Binti akauzuia.

"Ziache, mama. Na hizo ni zake."

Akarudi kwenye ya kwanza, akazisoma zote upya, machozi yakimtiririka bila sauti. Mama alikaa naye akimshika goti. Mchana ulipita, na hakuna aliyekumbuka kupika.