Salfa Kwenye Rangi Mbichi

Mzee Dauda wa Newala alikuwa hajawahi kuvua viatu ndani ya karakana yake, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Lakini binti yake Faudhia, tangu arudi na ufundi wa rangi kutoka Masasi, alikuwa ametenga chumba cha nyuma cha kupulizia rangi, akatundika nailoni ukutani, akawa anamwaga maji sakafuni ili vumbi lilale. Mlangoni akaweka amri: viatu nje.

"Nivue viatu? Kwani mmefungua msikiti humo?" aliuliza mzee, akaingia navyo.

Ndani kulikuwa na milango kumi na miwili ya kabati la jikoni, yote ya MDF, zile mbao za unga ulioshindiliwa ambazo Dauda, mtu wa mninga, aliziita maboksi. Mwalimu Scholastika wa Masasi aliitaka iwe myeusi, ing'ae kama kioo, na angekuja kuichukua Jumamosi. Mbele ya mafundi wote mzee akatamka: "Mwalimu akiona doa hata moja, funguo za karakana nampa Ashiru."

Ashiru, mpwa wake, akajifanya anatafuta msumari. Faudhia alisema tu, "Sawa, Baba."

Mzee alimfuatilia, ingawa alijifanya hamtazami. Kingo za mbao zile hunywa rangi kama mchanga unavyokunywa maji. Faudhia alizipaka praima, ile rangi ya msingi, akazipiga msasa, akapaka tena, mpaka ukipitisha kidole hujui uso umeishia wapi na ukingo umeanzia wapi. Mara tatu Dauda alidhani kazi imekwisha, na mara tatu binti akairudia. Moyoni akakiri kwamba uvumilivu ule yeye hakuwa nao hata ujanani.

Alhamisi alfajiri, kabla pikipiki hazijaamsha vumbi la barabarani, Faudhia alipuliza rangi ya mwisho, akafungua dirisha kidogo harufu itoke. Punde mashine ikanguruma nyuma ya ukuta, na vumbi la njano likaingia chumbani. Alikuwa jirani yao Sultani, mashine mgongoni, anapulizia salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenye mikorosho mitatu ya mzee Dauda wakati umande ungali majanini.

"Sultani! Nani kakutuma?" Faudhia alipiga kelele.

"Si Baba Faudhia mwenyewe! Kaniambia jana nisikose alfajiri."

Dauda aliyasikia hayo akiwa uani na kikombe cha chai. Alikuwa amesahau kabisa. Alipochungulia na kuona rangi mbichi imejaa chembe za njano, aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Faudhia hakumlaumu. Alifunga dirisha akasema, "Asiguse mtu. Ikauke kwanza." Kutwa nzima hakuigusa, na hapo ndipo mzee alipomstaajabia hasa, maana yeye angekwisha kuifuta kwa kitambaa na kuharibu yote.

Ijumaa alichukua msasa laini kuliko yote, akauchovya kwenye maji ya sabuni, akasugua mlango mmoja baada ya mwingine. Chembe zikatoka, lakini mng'ao nao ukafa, milango ikabaki imepauka kama ubao wa shule. Ashiru akaguna. Faudhia akatia dawa ya kung'arishia kwenye kitambaa cha pamba, akazungusha, akazungusha, mkono hauchoki. Weusi ukarudi, ukarudi na kina, mpaka taa ya darini ikaonekana ndani yake pamoja na waya wake.

Jumamosi Mwalimu Scholastika aliinama, akautazama mlango kwa ubavu, akafuta miwani, akautazama tena.

"Sioni doa," alisema.

"Yalikuwepo, tena mengi," alisema Dauda. Mafundi wote wakageuka. "Salfa yangu hiyo. Mimi ndiye niliyemtuma Sultani, na huyu hapa kaiondoa yote. Mimi nisingeweza."

Mwalimu alipoondoka, Faudhia alirudi chumba cha nyuma kufagia. Mzee akamfuata. Alipofika mlangoni alivua makubadhi yake, akayapanga kando ya ukuta, akasimama pekupeku, funguo mkononi, nje ya chumba cha karakana aliyoijenga mwenyewe.

"Hodi," alisema.