Mstari Mwekundu, Mrefu Kuliko Yote

...na kidole cha mama huyu bado kipo palepale, kwenye stika ya friji, juu ya mstari mwekundu ulio mrefu kuliko yote, "Binti, si ndiyo kusema hili lina nguvu kuzidi yale?" na Jenista kinywa wazi kama sato wa sokoni, maana bosi Makene kamfundisha asubuhi hii hii, siku yake ya majaribio hapa kwenye duka la friji za mtumba, Tunduma, "Wakiuliza mstari mrefu, sema nguvu nyingi, basi, na lile la G litoke leo, likitoka, kesho njoo, lisipotoka usijisumbue, sister," sister, eti, nguvu, anatamani kumwambia, nguvu ya kula umeme, mama, G ndiyo mkiani kabisa, bottom, hili litakumalizia LUKU kabla hujauza kreti moja ya soda zako, chukua lile dogo lenye mstari mfupi wa kijani... lakini miaka minne, miaka minne ya bahasha za kaki za kuomba kazi na kuulizwa uzoefu una miaka mingapi, humo ndani unamjua nani, umeolewa, na shangazi Ruti kila Jumapili nje ya kanisa, "Bado tu, mwanangu?" bado, shangazi, nimepoa kuliko bia, na hakuna, hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza friji linakulaje umeme, yeye aliyezunguka Mlowo miezi mitatu na mita ya kuazima, nyumba arobaini, akipapasa mipira ya milango ya friji, akiwaambia watu wasilibananishe na ukuta, friji nalo linahema, na mwalimu wake wa chuo akaandika pembeni ya utafiti huo, very useful, naye Jenista akalala na karatasi ile kifuani kama barua ya mchumba, useful kwa nani, prof, kwa nani... "Umeme wenyewe kijijini kwetu Mbebe umetufikia mwezi jana tu," mama anasema, anajichekea, "mimi sijui lolote, ndiyo maana nakuuliza wewe uliyesoma," wewe uliyesoma, Mungu wangu, sema tena, mama, sema polepole, na Makene kule mlangoni anamchangamkia mteja Mzambia kwa salamu ya Kibemba, "Mulishani mukwai!" mdomo kwa Mzambia, jicho huku, na Jenista anaiona kesho yake, anajiona hadi kandambili, barazani, anasoma matangazo ya kazi ya wiki iliyopita, na ajabu haimuumi, kinachomuuma ni swali hili, limechelewa miaka minne, limekuja limevaa kitenge na matope ya Ileje, limesimama mbele yake linasubiri, yeye aliyelililia kwenye mto usiku ngapi, leo alidanganye, alifukuze kwa uongo wa Makene, never, bwana, hata ukohoe, Makene, na bosi anakohoa kweli, na kidole cha mama bado kipo juu ya mwekundu, na kinywa cha Jenista bado wazi, ila sasa shida yake imebaki moja tu, aanzie wapi, maana anazo kurasa tisini.