Mbwa Aliyepakwa Ujana

Wazo lilikuwa la msusi mwenyewe, asije akamsingizia mtu. Lilimjia siku aliyokuwa akimpaka rangi mteja mmoja, karani wa miaka mingi, ambaye bosi wake mpya alikuwa ameanza kumwita bibi mbele za watu. Mama wa watu alitoka saluni na kichwa cheusi tii, akatembea hadi kwenye kona kwa mikogo ya msichana. Msusi akamsindikiza kwa macho, akanawa mikono, akafunga saluni mapema, akachukua chupa ya rangi na kwenda nayo kwenye kituo cha mbwa mtaa wa nyuma.

Kituo kile kilikuwa cha mbwa waliookotwa: waliotupwa, waliogongwa na magari, walioachwa getini wenye nyumba walipohama. Kila Jumapili msusi alikwenda kuwakata manyoya yaliyosokotana, bila malipo, maana mikono yake haikujua kukaa bure. Mlezi wa kituo alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kuita mtu aliye mtaa wa tatu. Watu walimwita Mama Mbwa, naye aliitika bila kinyongo.

Na kila Jumapili msusi aliona jambo lile lile, likamkaa rohoni. Wageni walikuja, wakaishia kwenye vizimba vya mbele, wakavichekea vitoto, wakavibeba na kupiga navyo picha. Waliobahatika kufika nyuma, kwa mbwa wenye mvi puani, walipunguza sauti kana kwamba wameingia wodini. "Maskini," walisema, kisha wakarudi mbele. Hilo "maskini" lao msusi alilichukia kuliko tusi. Utu uzima dawa, husema watu, na dawa yenyewe wanaiacha kizimbani.

Muda nao ulikuwa umebana. Mwenye kiwanja alikitaka kiwanja chake, na kituo cha upande wa pili wa mji kilikubali kuwapokea mbwa wote isipokuwa wazee. Wazee walikuwa watatu. Yeyote kati yao ambaye hangepata kwao kabla ya kituo kufungwa, daktari wa mifugo angemchoma sindano, alale asiamke. Daktari alilisema jambo hilo huku akitazama viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya, ila kazi nyingine hazina namna nzuri ya kufanywa.

Basi msusi akaanza na dume moja lenye sikio lililokatika. Alitumia rangi laini, ile ya wateja wenye ngozi inayowasha, akampaka puani, kidevuni na juu ya macho. Yule mbwa akatoka hapo amepungua nusu ya umri wake. Haikuisha wiki ikaja familia moja yenye watoto wenye kelele.

"Ana umri gani huyu?" baba mtu akauliza.

"Mitatu," Mama Mbwa akajibu, hata jicho hakulipepesa.

Msusi naye akadakia kwamba wamlete saluni kila mwezi, atamwosha bure. Kuosha gani! Alitaka kurudia rangi mvi zikichomoza. Nao wakamleta kweli. Mbwa akawa anakaa katikati ya kina mama wenye vichwa vya povu, nao wakacheka mpaka machozi. "Siku hizi hata mbwa hawazeeki!" walisema. Msusi akacheka nao na kujiona ana akili kuliko mji mzima.

Wa pili alikuwa jike, wakimwita Bibi, mpole, nyonga zimekaza. Alichukuliwa na vijana wawili waliotoka kuoana. Hao hawakumleta kuoshwa. Wakaja kumrudisha wenyewe siku moja ya katikati ya wiki, mweupe chini mweusi juu, uso kama ukuta uliopakwa nusu fundi akatoroka. "Mmetupa kikongwe," kijana akasema. Mke wake alilia sana, lakini hakuomba wabaki naye. Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika mbali. Kizimba cha Bibi kilikuwa kimeshang'olewa, na daktari alikuwepo siku hiyo kwa kazi nyingine.

Msusi aliambiwa habari ya sindano Jumapili, mkasi ukiwa mkononi. Akawalaani vijana wale kutoka utosini hadi unyayoni. Mvi zimewatisha, wao hawatazeeka? Akamlaani mwenye kiwanja, akamlaani daktari, akamlaani na kijana aliyeng'oa kile kizimba. Alilia huku anakata manyoya, na siku ile mbwa wengi walitoka wamekatwa vibaya.

Akabaki wa tatu, Mkwe. Aliitwa hivyo kwa adabu zake. Mgeni akija alisimama, akainamisha kichwa na kungoja kukaribishwa, kama mtu aliyefika kwa wazazi wa mkewe kwa mara ya kwanza. Siku za kituo zilikuwa zinahesabika. Msusi alimpaka rangi Jumamosi, kwa uangalifu kuliko wote, akamwacha anang'aa kama kiatu cha harusi.

Jumapili akaja mzee mmoja, mwashi aliyestaafu, viganja vipana, magoti yakilia kila hatua.

"Nataka mbwa mzee," akasema.

Mama Mbwa alidhani hakusikia vizuri. "Mzee kivipi, baba?"

"Mzee kama mimi. Magoti yangu nimeyaacha kwenye nyumba za watu. Mbwa kijana atanivuta mpaka mtaroni. Halafu nikiondoka mimi, yeye abaki anahangaika na nani? Nataka tunayelingana naye."

Msusi, aliyekuwa ameinama kwenye kizimba cha pili, akaweka mkasi chini. Miezi yote ile alikuwa akimwomba Mungu aje mtu mmoja tu wa namna hii.

Mwashi akatembea taratibu hadi kwa Mkwe. Mkwe akasimama, akainamisha kichwa. Mzee akacheka, akashuka chini kwa shida, akapitisha mkono kwenye wavu. Mbwa akamwegemea kwa uzito wake wote na kufumba macho.

"Huyu ana miaka mingapi?"

"Mitatu, baba. Kijana kabisa."

Mazoea yana taabu. Neno lilimtoka Mama Mbwa kabla akili haijafika. Akalisikia likianguka, akashika mdomo, lakini mzee alikuwa anamtazama mbwa.

"Bahati mbaya," mwashi akasema. "Huyu alikuwa ameshaingia moyoni." Akajiinua kwa kushika wavu, akashukuru, akaondoka.

"Mwambie!" msusi akanong'ona.

"Nimwambie nini? Nimeshasema mitatu! Na wale wenye dume, wakisikia wakaja kulirudisha?"

Msusi hakungoja. Akatimua mbio na aproni yake, akamkuta mzee getini.

"Baba, subiri. Yule ni mzee. Amepita kumi. Ni mimi nimempaka rangi, mimi ni msusi."

Alitegemea mzee angecheka. Nani asingecheka? Mwashi hakucheka.

"Kwa nini?"

"Apate kwao. Watu hawawataki wenye mvi."

"Mimi nilimtaka."

"Ndiyo maana nimekukimbilia, baba."

Mzee akaegemea nguzo ya geti. "Mke wangu aliumwa," akasema. "Watoto walijua, daktari alijua, hata jirani alijua. Mimi nikaambiwa ni vidonda vya tumbo. Eti baba asihangaike. Basi nikawa natoka asubuhi kwenda kuinua kuta za watu, nyuma yangu namwacha mtu anayekufa. Hata kukaa naye sikukaa. Walinificha kwa wema, mwanangu, kama wewe hivi. Sasa nikimchukua yule mbwa, kila nikimtazama nitajiuliza ni nini kingine sijaambiwa."

"Hakuna kingine, baba. Naapa."

"Nakuamini. Lakini sitaweza." Akamtazama usoni. "Na wewe unampenda, naona. Mbona humchukui mwenyewe?"

Swali hilo alishaulizwa mara nyingi, na jibu lilikaa mdomoni. "Nimepanga, baba. Chumba na saluni uani kwa mtu. Mwenye nyumba hataki mbwa."

"Kakwambia?"

"Yule anajulikana. Hata paka akipita anasonya."

"Nauliza, kakwambia?"

Msusi akaanza kukunjakunja aproni yake. Mwashi akatikisa kichwa, si kwa hasira, akashika njia yake polepole. Hakugeuka.

Jioni ile msusi alimkuta mwenye nyumba uani, mjane aliyevuka makamo, akikunja nguo zilizoanuliwa. Alikuwa amejiandalia maneno marefu. Yakamtoka yamevurugika, akaeleza yote: kituo, sindano, Mkwe, hata rangi.

Mwenye nyumba alikunja shuka hadi mwisho kabla ya kusema.

"Mzee? Habweki ovyo?"

"Habweki, mama. Ana adabu kuliko wapangaji."

"Sasa ulikuwa unaogopa nini?"

"Nilidhani hutaki mbwa."

"Nilikataa lini?"

"Nilidhani tu."

"Ulidhani! Kichwa changu hiki unakisuka wewe, mwanangu, kila wiki niko miguuni kwako, na mdomo ninao. Unashindwa kuniuliza?" Akacheka kidogo, akavuta nguo nyingine kutoka kwenye beseni. "Mlete kesho asubuhi. Mbwa mdogo ndiyo ningekataa, angenichania kuku. Mzee ndiyo saizi yangu."

Msusi alitaka kumkumbatia. Furaha ilimpanda hadi machoni, akaanza kushukuru, lakini mwenye nyumba alikuwa bado anawaza lake.

"Ila atakuwa mpweke," akasema. "Wewe saluni, mimi mchana nalala. Uani wenyewe mkubwa huu. Hawana jike la makamo huko, uwalete wawili?"

"Alikuwepo."

"Basi mchukue naye."

"Alikuwepo, mama. Alichomwa sindano."

Mikono ya mwenye nyumba ikasimama juu ya nguo. "Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita si ulikuwa hapa hapa? Si ndiyo ulinisuka kwa ajili ya ile harusi?"

"Nilikuwa hapa, mama."

Mwenye nyumba akainuka, akaingia ndani kutafuta blanketi kuukuu la kumtandikia mgeni. Msusi akabaki na beseni la nguo. Alitaka kuwalaani wale vijana wawili kama alivyozoea, akaanza, na safari hii laana haikutoka. Alikuwa akimwona Bibi amejilaza pale uani, penye kivuli cha tangi la maji, hatua chache tu kutoka mlango ambao hakuwahi kuubisha.