Zamu ya Bwana Tiketi

Muuguzi wa zahanati aliyekuja kumpima mama alitoa amri mbili: mama akae chumbani peke yake siku kumi, na mzee asikanyage humo, maana mafua yale makali yakiyafikia mapafu yake yaliyochoka, hatamaliza wiki. Amri ya kwanza ilikuwa rahisi. Ya pili, binti kitindamimba aliyeachiwa wazazi na ndugu zake aliona ni kutwanga maji kwenye kinu.

Mzee alikuwa amesahau mengi: mwaka, majina ya wanawe, hata meno yake alikoyaweka. Mlango wa chumba chake na mama hakuusahau. Ukimwambia, "Baba, usiingie, mama anaumwa," anaitikia kwa adabu, anazunguka jikoni, kisha huyo, mkono kitasani. Barakoa aliyovishwa aliikunja akaitia mfukoni, eti atamrudishia mwenyewe. Kufikia adhuhuri binti alikuwa hoi, na hofu imemkaa rohoni.

Ndipo alipokumbuka. Miaka thelathini baba yake alichana tiketi kwenye mlango wa sinema, mji mzima ukimwita Bwana Tiketi. Kazi ile ilikuwa na mwiko mmoja: bawabu haingii ukumbini filamu ikishaanza. Binti akakata daftari vipande viwe tiketi, akaweka kiti mlangoni, akamkabidhi tochi.

"Zamu yako, Bwana Tiketi. Filamu imeanza."

Mzee akanyoosha kola, akaketi, na mlango ukapata mwenyewe. Mama akikohoa, yeye anagonga: "Tulieni humo, wenzenu wanasikiliza." Binti akileta uji, sharti tiketi ichanwe. Siku binti aliposahau tiketi, alirudishwa na bakuli lake. Siku nyingine alimwona mzee akitia tiketi nzima kwenye mfuko wa shati. Alipoiomba, akamulikwa tochi ya uso.

"Hiyo ina mwenyewe," mzee akasema.

Siku ya kumi na moja mama alitoka, mzima ila amekonda. Mzee akamtazama, asimtambue. Binti akaona uso wa mama unavyonywea, na yeye ikamuuma.

"Imekwisha?" mzee akauliza.

"Imekwisha."

"Ilikuwa nzuri?"

"Ndefu," akasema mama. "Na nilikuwa peke yangu."

Mzee akaangaza huku na huku, akachomoa ile tiketi mfukoni.

"Basi nisaidie, dada. Kuna msichana huja kila Jumamosi, namwingiza bure. Hii nimemwekea. Ukimwona nje mpe, ila meneja asijue."

Mama akaipokea kwa mikono miwili. "Yukoje huyo msichana?"

"Ana mdomo. Lakini mzuri."

Mama akacheka huku machozi yanamtoka. Akavuta kigoda, akaketi kando ya kiti chake.

"Basi ngoja nimsubiri hapa hapa."

"Msubiri," mzee akasema, akisogeza miguu yake ili apate nafasi. "Huwa anachelewa, lakini huja."