Punguza Besi Kidogo

Asubuhi ya Jumamosi, kwenye kibanda chake cha mabati pale Mbuba, Niyibizi alikuwa amefungua mlango wa pikapu ya Ansbert na kuujaza vipande vya blanketi kuukuu, ili bati lisitetemeke besi inapopiga. Gari lililetwa likikoroma. Fundi aliyezifunga spika alikuwa amepishanisha waya, chanya kwa hasi. Ya kushoto ilivuta wakati ya kulia inasukuma, muziki ukafia katikati kama watu wawili wanaogombea shuka moja.

Kwa upande wa trebo, yaani sauti nyembamba, Niyibizi alikuwa na njia yake. Alirekodi kaseti akitamka polepole: lala, rara, lori, rori. Huku wengi hawatenganishi l na r, lakini yeye alishikilia kwamba spika haina udhuru, kwani haikuzaliwa na lugha ya mama.

Alipogeuza waya na kuwasha, kaseti ikiwa bado mfukoni, spika zikaanza kuongea.

"Yure Niyibizi ni mkimbizi wa juzi," zilisema. "Arikuja na hawa hawa wa kambini."

Niyibizi aliguna. Kila fundi anajua kwamba spika husikia. Kinachozishinda nyingi ni kukumbuka. Hizi zilikuwa na kumbukumbu nzuri. Kilichomkera ni hiyo r. Akaongeza trebo, akapunguza sauti za kati, akasikiliza tena.

"Yule Niyibizi ni mkimbizi wa juzi. Alikuja na hawa hawa wa kambini."

"Hapo sawa," alisema, akafuta mikono. Ndipo maana ikamfikia.

Mwaka huo watu wa kambini walikuwa wakirudishwa kwao, na aliyetajwa kuwa mmoja wao aliondoka nao. Niyibizi alivuka mto wa mpakani akiwa mgongoni mwa mama yake, kabla ya Uhuru. Kahawa iliyo nyuma ya kibanda aliipanda mwenyewe. Na sauti ile ilikuwa ya Ansbert, jirani aliyepakana naye mashamba, baba wa ubatizo wa binti yake Ineza.

"Akiondoka," spika ziliendelea kwa matamshi safi, "shamba nitaliangalia mimi. Msihangaike kulitafutia mtu."

Ansbert alifika jua likiwa utosini.

"Habari ya kazi, mzazi mwenzangu?"

"Nzuri. Sikiliza mwenyewe."

Ansbert akaketi nyuma ya usukani, akasikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande.

"Sasa hii ndiyo sauti," alisema. "Ira besi punguza kidogo."

"Maneno hayo ni yako?"

"Ni yangu. Mbona umeyanyoosha? Mimi sisemi hivyo."

"Mzazi mwenzangu, mimi si wa juzi."

"Nani asiyejua?"

Consolatha, mke wa Niyibizi, alitokea jikoni na mwiko mkononi. "Ansbert, jana ulikula kwangu."

"Na maharage yarikuwa matamu, shemeji."

Niyibizi akapunguza besi.

Siku ya kuondoka malori yalikuwa yamejaa, kwa hiyo Ansbert akajitolea pikapu yake. Alilifunga godoro la familia kwa kamba mpya, akahakikisha haliburuzwi. Walipopita sokoni spika zilisema yote: jinsi yeye na Niyibizi walivyochunga mbuzi pamoja utotoni, alivyomshika Ineza siku ya ubatizo, na alichowaambia waliokuja kuuliza. Watu waliacha kupimiana dagaa wakasikiliza. Waliomjua Niyibizi, yaani wote, walitikisa vichwa kukubali kwamba ndivyo ilivyo. Kisha wakasogeza vikapu gari lipite.

Darajani, askari wa kizuizi aliegemea dirisha. Spika zikamweleza tangu mwanzo, bila kuficha jina wala shamba. Ansbert hakuzizima, alikuwa akitazama mto. Askari naye hakukatiza.

"Nani kakutengenezea?"

Ansbert akaonyesha nyuma kwa kidole gumba.

Askari akazunguka hadi pale Niyibizi alipokaa juu ya godoro, Ineza amelala magotini pake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimesikia kila neno. Sauti safi kabisa." Askari akaushika mti wa kizuizi, akauinua. "Ng'ambo huko hutakosa kazi."