Ukiitwa, Itika

Wakenya na muziki wa kantri, usiniulize mapenzi hayo yalianzia wapi. Moraa aliupata kwenye redio ya shangazi yake kule Mombasa, na shangazi huyohuyo ndiye aliyemfunza kuitika. Mtoto wa kike akiitwa husema abee, papo hapo, haulizi anayeita ni nani. Moraa alikua hivyo, na alipohamia Toronto akataka kumlea bintiye Kemunto hivyohivyo. Wapi! Msichana alishinda na hedifoni masikioni. Utamwita mpaka koo likukauke, na akikusikia anakujibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu.

"Kemunto, ukiitwa na mama yako, itika," Moraa alikuwa akimwambia. "Hata kama umenuna. Abee kwanza, hasira baadaye."

Basi huyu Moraa alikuwa muuguzi, na alikuwa na sauti. Pale mtaani kwao, Jane and Finch, hakuna harusi ya Wakenya iliyokwisha kabla hajapanda jukwaani na gitaa lake. Kampuni moja ya muziki huko mjini ikamsikia, ikampa mkataba wa albamu. Mkataba ulisema kila sauti itakayorekodiwa mle ni mali ya kampuni. Akasaini. Mtu ameota jambo miaka ishirini, leo ndiyo aanze kubishana na karatasi?

Studio ilikuwa chini ya ardhi, na mwimbaji alisimama peke yake katika chumba kidogo cha kioo. Nje ya kioo alikaa fundi wa mitambo, Eustache, Mkongo wa Goma, mtu mpole. Siku ya kwanza Moraa alivaa hedifoni, akaimba ubeti mmoja, na gitaa liliponyamaza akasikia mwanamke akimwita, taratibu, karibu kabisa na sikio. "Moraa."

"Abee," akaitika.

Eustache akainua kichwa. "Dada, unamwitikia nani?"

"Si kuna mtu kaniita?"

"Hakuna mtu humu. Ni mimi na wewe tu."

Waliposikiliza walichorekodi, sauti zilikuwa mbili. Ya pili ilipita chini ya ile ya Moraa, tamu, ikiyajua maneno yote ya wimbo ambao Moraa alikuwa ameutunga mwenyewe na hajamfundisha mtu. Mkurugenzi wa kampuni alipoisikia akafurahi, akasema iachwe hivyohivyo. Eustache hakufurahi hata kidogo.

Kila wimbo mpya, sauti ile ilipanda na ya Moraa ikashuka. Jumapili moja akasimama kanisani kuongoza pambio kama kawaida yake, akafungua kinywa, ikatoka pumzi tu. Watu wakadhani ni mafua. Yeye aliogopa sana, maana koo halikuwa likimuuma.

Ndipo Eustache alipomweleza. "Sauti ile naijua, dada. Ni ya Melissa, mama mmoja wa Pickering, mji wa hapo jirani. Aliimba albamu nzima mle ndani. Walipomaliza wakamwambia redio hazipigi wanawake wawili mfululizo, na mmoja wanaye tayari. Albamu wakaifungia, na kuimba kwingine wakamkataza. Yu hai mpaka leo, ila akitaka kusema kitu huandika. Nilidhani ni ugonjwa. Usirudi humu."

Lakini nyimbo zilikuwa zimekwisha kurekodiwa zote, na Moraa alikuwa amebaki na mnong'ono. Mkurugenzi akamwita ofisini, akamwambia kwa upole kwamba umri umekwenda, sura ni ya mama wa watu, albamu itasubiri kabatini. Moraa alilia barabara nzima mpaka nyumbani. Kisha akajifariji kwamba angalau yamekwisha, na kwamba lililompata limempata yeye peke yake. Kwa Kemunto hakulitaja hata kidogo. Angemwambia nini?

Wiki chache baadaye Kemunto akarudi jioni uso unang'aa. Hedifoni zilikuwa mkononi, si masikioni.

"Mama, nilitaka iwe surprise. Mkurugenzi wako alinisikia nikiimba mtandaoni, akanipigia. Anasema nina sauti kama yako, ila mimi ni mdogo. Leo nimerekodi wimbo wa kwanza."

Moraa akakishika kiti.

"Mbona hukuniambia na wewe utakuwepo?" Kemunto akauliza.

"Kuwepo wapi?" Ilibidi binti ainame ndipo asikie.

"Studio. Mimi sikukuona, lakini nilikusikia kwenye hedifoni, ukiniita vile unavyoniitaga ukiwa jikoni. Na sauti yako imepona kabisa, mama."

"Kemunto. Ukafanya nini?"

Msichana akatabasamu, kama mtoto anayejua leo atasifiwa.

"Ulivyonifundisha. Nikasema abee."

Kisha akakohoa kidogo, akaenda kujitilia maji.